Uliambiwa Kitakachofutwa, Ukabonyeza Ndiyo

Lusekelo mwanangu,

Asubuhi uliposimama mlangoni ukanisalimia "mugonile, mama", sikukuitikia. Ulidhani sijasikia, ukarudia kwa sauti, kisha ukachukua kibegi chako ukaenda Matema kumuaga bibi yako. Nilisikia mara zote mbili. Nilinyamaza kwa sababu hasira niliyonayo tangu Jumanne ingenitoa maneno ambayo mtu hawezi kusafiri nayo. Sasa ni alasiri, mvua imekatika, baba yako yuko nyuma anageuza kakao kwenye mikeka, na wewe hujarudi. Kesho alfajiri unapanda basi. Kwa hiyo nakuandikia.

Habari za nguo, chakula na nani umpigie simu ukifika, utajua mwenyewe. Una miaka ishirini na mbili. Mimi nataka tuzungumze juu ya kompyuta ya Mwalimu Asajile.

Najua utasema tena ulichosema juzi, ukiwa unakunja mashati bila hata kugeuka kunitazama: "Mama, mbona unakuza mambo? Ni kompyuta tu." Sawa. Ni kompyuta tu, ya steshenari ya mstaafu mmoja pale Ipinda. Ngoja basi nikueleze nilichokikuta pale Jumanne, maana wewe hukuwepo.

Mwalimu alinipigia simu asubuhi. "Mama Lusekelo, samahani kukusumbua. Kijana alikuja Jumamosi kuniwekea skana, akaniambia mashine ni ya zamani, imekufa. Nilitaka tu kujua kama kuna namna ya kuzitoa kazi za watu zilizomo ndani."

Alikuwa ananiomba samahani, Lusekelo. Mtu aliyekushika mkono ukiwa darasa la kwanza akakuonyesha herufi inaanzia wapi, ananiomba mimi samahani.

Nilimkuta amekaa mbele ya meza yake, mikono juu ya magoti. Kando yake palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, ratiba ya mazishi. Watu wa Busale walikuwa wamefiwa na baba yao, walikuja Jumatatu wachapiwe. Mwalimu aliwaambia mashine imekufa, ikabidi waende hadi Kyela mjini na mvua ile. "Walinipa pole," akaniambia. "Wao wenye msiba ndio walionipa pole mimi."

Nikawasha mashine. Ikawaka. Haikuonyesha picha wala madirisha, ilionyesha skrini nyeusi yenye maandishi meupe, ikaniomba jina na nywila. Mashine iliyokufa haikuombi jina. Wewe unalijua hilo kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyemwekea mfumo wa Linux miaka miwili iliyopita, ukajisifu mezani kwamba umeifufua.

Nikaingia, nikafungua faili la kumbukumbu, lile linaloandika kila kifurushi cha programu kilichoingia na kila kilichotoka. Yote yalikuwemo. Jumamosi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Programu uliyoipakua mtandaoni kwa ajili ya skana ilidai maktaba, yale mafaili ya pamoja ambayo programu huegemea, mpya kuliko zilizokuwemo. Mashine ikakataa kuiweka. Hukujiuliza kwa nini inakataa. Ukaongeza kwenye orodha ya vyanzo, mahali mashine inapochukulia programu, chanzo cha toleo jingine kabisa la mfumo, lisilo la mashine ile, ukairudia amri. Na mashine, Lusekelo, ikakuambia. Ikakuandikia kwamba ili kuweka hiki, itabidi niondoe hivi, ikavitaja kimoja kimoja kwa majina: programu ya kuandikia, programu ya kuchapisha, madirisha yote, meza nzima ya kazi ya yule mzee. Halafu ikakuuliza kama iendelee, Y kwa ndiyo, N kwa hapana.

Ukabonyeza Y.

Hasira yangu haiko hapo. Kila mtu aliyewahi kukaa mbele ya skrini nyeusi amewahi kubonyeza Y bila kusoma. Hasira yangu ni kwamba uliona madirisha yamepotea, ukaelewa umefanya nini, ukasimama, ukafunga zipu ya begi, ukamwambia mzee wa watu kwamba mashine yake imekufa. Kisha ukaenda kwenye sherehe ya kuagwa.

Nilikaa pale tangu saa tatu hadi saa kumi. Niliunganisha simu yangu kwa waya nipate mtandao. Nikafuta kwenye orodha ya vyanzo ule mstari ulioongeza, nikaandika `sudo apt update` isome upya. Nikajaribu `sudo apt --fix-broken install` ijirekebishe yenyewe, ikagoma, kwa sababu nusu ya maktaba zilikuwa za toleo jipya na nusu za zamani, hakuna iliyokubali kukaa na mwenzake. Nikazirudisha nyuma moja moja, kila moja kwenye toleo lake la awali. Mara tatu ikaniambia ili kutengeneza hapa itabidi iondoe vingine, nikasoma majina yote, mara tatu nikabonyeza N nikatafuta njia nyingine. Nilipomaliza nikaandika `sudo dpkg --configure -a`, ili vile vilivyoachwa katikati vikamilishwe. Ndipo ikakubali kurudisha madirisha. Nilipoiwasha upya, ikatokea kwenye skrini picha ya Mwalimu na darasa lake la mwisho, naye akapiga makofi kama mtoto, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, mama. Ndaga fijo."

Kazi za watu zote zilikuwa salama kwenye folda yake. Usishushe pumzi. Ulipotoka pale Jumamosi hukujua kama zipo au umezifuta. Hukutazama. Ungeandika amri moja tu ya kuorodhesha mafaili ungeona.

Na programu ya ile skana? Ilikuwemo kwenye chanzo cha mashine yenyewe. Ni ya zamani kidogo, inafanya kazi vizuri kabisa. Niliiweka kwa mstari mmoja. Hukuitafuta.

Kisha Mwalimu akaniuliza, "Kumbe ilikuwa na nini?"

Nikamjibu, "Vifurushi viligongana, Mwalimu."

Viligongana. Kana kwamba vyenyewe viliinuka usiku vikapigana. Neno lilitoka laini sana, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani nikilirudia njia nzima. Maneno ya namna hiyo nilikuwa nimeyasema zamani, kwa watu wengine, na kuna mtu yalimuumiza. Nitakueleza, hujawahi kuelezwa na mtu.

Ulikuwa darasa la sita. Utakumbuka mwaka ule kwa sababu ndio niliokuchapa kwa ajili ya kandambili za shule. Ulizipoteza mtoni ukasema zimeibwa, nami nikakuchapa, nikakwambia humu ndani hatulei waongo. Baba yako alinishika mkono. Wiki ile ile, mwanangu. Nilikuchapa Jumapili, na Jumatatu nikafanya ninayokwenda kukuandikia.

Wakati ule kwenye kituo chetu cha afya tulikuwa tumeacha mafaili ya karatasi. Kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa kwenye seva moja ndogo, chumba cha nyuma, na mimi ndiye niliyepelekwa mafunzoni kuitunza. Nilirudi najiona. Kulikuwa na msichana mmoja wa mapokezi, Atupele, anajitolea kwa mkataba mdogo, yeye ndiye aliyeingiza taarifa nyingi kuliko sisi wote. Alikuwa mwepesi na makini. Mgonjwa akitaja kitu kidogo tu, Atupele anakiandika.

Kila Ijumaa nilipaswa kutoa nakala ya akiba kwenye flashi na kusaini karatasi ukutani kwamba nimetoa. Nilisaini kila Ijumaa. Nakala sikutoa kwa wiki kumi na moja. Hakuna sababu, usinitafutie. Seva ilikuwa inafanya kazi, nikawa naona ni usumbufu.

Jumatatu ile wakaguzi walikuwa wanakuja saa nane mchana na printa mpya ilikuwa haichapishi. Programu ya printa ikagoma kuingia, ikidai maktaba mpya, vile vile kama skana ya Mwalimu. Mganga mfawidhi akasimama mlangoni.

"Mama Lusekelo, vipi?"

"Daktari, inakataa. Inataka vitu ambavyo havimo."

"Lazimisha iingie. Wageni wako njiani."

Nimemchukia yule mzee kwa neno lile miaka mingi, hadi leo. Lakini yeye hakujua anachosema. Kwake kulazimisha ni kama kusukuma mlango uliovimba kwa mvua. Mimi nilijua, na nilitaka anione ninaweza. Nikatafuta mtandaoni, nikakuta mtu ameandika amri za kulazimisha, nikazinakili bila kuzielewa. Ikaniletea orodha ndefu ya vitakavyoondolewa. Nikabonyeza Y. Programu ya wagonjwa ikazima. Programu ya hifadhidata iliyobeba kila kitu ikawa imeondolewa pia.

Hapo bado palikuwa na pa kuponea. Taarifa zenyewe zilikuwa bado kwenye diski. Ningeacha mikono yangu mezani, nikaita mtu, kila kitu kingerudi. Lakini nilitaka kumaliza kabla hajarudi mlangoni. Nikaamua kuing'oa ile hifadhidata yote, mizizi na kila kitu, niiweke upya safi. Ikatokea skrini ya bluu ikaniuliza kwa maneno yaliyo wazi kabisa: je, nifute na taarifa zote zilizohifadhiwa?

Niliyaona maneno yale. Sikuyasoma. Nikabonyeza Ndiyo.

Printa ilichapisha. Wakaguzi walipewa karatasi zao nzuri. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma natafuta flashi.

Nilirudisha nakala ya flashi, ile ya wiki kumi na moja nyuma, na jioni nikamwambia mganga kwamba nimeikuta seva imezimwa vibaya na taarifa za karibuni zimepotea. Alikunja uso, akasema tutaliangalia kwenye kikao. Nikadhani limepita.

Alhamisi jirani mmoja alimleta Bibi Kisa kutoka Busale, mguu una kidonda kimeoza, homa kali, anaongea maneno yasiyoeleweka. Tabibu wa zamu alifungua faili lake kwenye kompyuta. Halikuwa na kitu. Akamchoma penisilini. Dakika chache baadaye uso wa yule bibi ulivimba mpaka macho yakafungika, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Muuguzi mmoja alikimbia na sindano ya adrenalini korido nzima akipiga kelele watu wapishe. Mimi nilisimama ukutani nikapisha.

Alipona. Alikaa wodini siku nyingi, lakini alipona. Yule tabibu alikwenda nyuma ya jengo akalia, nilimwona mabega. Nami nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Wiki sita kabla, Bibi Kisa alikuwa amekuja na kueleza kwa Kinyakyusa, polepole, kwamba sindano ile iliwahi kutaka kumuua. Na aliyemsikiliza akaandika kwa herufi kubwa kwenye faili lake, ASIPEWE PENISILINI, alikuwa Atupele. Mimi ndiye niliyelifuta.

Ijumaa tukaitwa kikaoni.

"Nani aligusa seva?"

Nikasema, "Mimi niliikuta imezimwa vibaya. Atupele ndiye aliyekuwa chumbani."

Na ni kweli, Atupele alikuwa chumbani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni anasubiri mfumo urudi aendelee na kazi. Nilijiambia miaka yote kwamba sikumsingizia, nilitaja tu alipokuwa. Wakauliza nakala za akiba, nikasema nakala za karibuni kwenye flashi ziliharibika. Karatasi ya ukutani yenye saini zangu ilinitetea. Atupele aliulizwa kama ana la kusema. Alinitazama, akatazama meza, akasema hana. Mkataba wake ukakatishwa wiki ile. Mimi mwisho wa mwaka nikapewa cheti cha mfanyakazi bora kwa kuokoa mfumo. Ndicho kile kilichokuwa sebuleni juu ya kabati, na umekuwa ukikionyesha kwa rafiki zako. Umekulia chini ya cheti kile. Kompyuta umejifunza kwa mwanamke yule yule, na huenda kukimbia pia umejifunza kwake. Hilo ndilo linanichoma zaidi ya yote, Lusekelo. Nakukasirikia wewe, halafu nikikutazama sana naona pua yangu.

Jumatano pia sikwenda kazini. Nilikwenda Kasumulu.

Nilikuwa nimesikia zamani kwamba Atupele yuko mpakani, ana kimeza na kompyuta ndogo, anawajazia wafanyabiashara fomu za mizigo. Nilimkuta chini ya turubai karibu na magari yanayosubiri kuvuka mto Songwe. Amenenepa kidogo, amevaa miwani. Alikuwa anamwandikia mwanamume mmoja mwenye vitunguu.

"Karibu, dada. Kaa hapo, namaliza."

Nikakaa. Nikashindwa kusubiri. Nikasema mbele ya yule mtu wa vitunguu, "Atupele, ile seva niliifuta mimi."

Hakuinua macho. Alimaliza fomu, akaisoma yote tangu juu hadi chini kwa kidole, akaichapisha, akampa mwenyewe. Alipoondoka ndipo akavua miwani.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa pembeni yako, dada. Nilikuona ukibonyeza. Nilisubiri useme. Nilisubiri Jumatatu, nikasubiri alipoletwa yule bibi, nikasubiri kikaoni. Hata siku nilipokuja kurudisha koti la kazi, nilisimama pale mapokezi nusu saa nzima nikisubiri utoke."

"Kwa nini hukusema wewe?"

Akacheka, na kicheko kile sikukipenda. "Ningemwambia nani? Wewe ulitoka mafunzoni una cheti. Mimi nilikuwa msichana wa kujitolea. Mama yangu mwenyewe alikuwa ananiuliza, kweli hukuzima mashine za watu?" Akapangusa miwani. "Alikufa bado anauliza."

Nikamwambia nisamehe. Nikaanza na kulia, na hapo ndipo alipokasirika.

"Usinililie hapa, nina wateja. Na usiniombe msamaha mimi, maana nikikupa utarudi nyumbani ulale usingizi, na mimi nitabaki vile vile. Andika. Wapelekee waajiri wenyewe, wenye makabrasha yetu. Uandike jina langu lote, na uandike kwamba ASIPEWE PENISILINI niliandika mimi."

Akavaa miwani akamwita mteja mwingine.

Alhamisi nikaandika barua. Kurasa tatu, kwa mkono, hakuna "ilizimwa" wala "viligongana". Nimeandika nilibonyeza, nilifuta, nilisaini, nilinyamaza, nilimtaja. Leo saa nne asubuhi, ukiwa njiani kwenda Matema, niliikabidhi ofisini kwa mwajiri wangu, wakagonga muhuri kwenye nakala. Karani aliisoma ukurasa wa kwanza akaniuliza, "Mama, una uhakika?" Nikasema gonga. Sijui watanifanya nini. Huenda nikasimamishwa, huenda nikapoteza kazi nikiwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Baba yako nimemweleza. Ameinuka akaenda kwenye kakao yake. Cheti nimekitoa kwenye fremu nikakiambatanisha na barua.

Nakala ya pili nimempelekea Atupele kwa dereva wa Noah ya abiria. Sijapata jibu, na simdai jibu.

Sasa wewe. Kesho unakwenda kushika seva ya hospitali. Nimeisoma barua yako ya ajira, nimeona furaha yako, na ninajua unaweza kazi. Una mikono myepesi kuliko yangu. Nilikuwa nafikiria kumwendea Mwalimu Asajile nimweleze mwenyewe, kisha nikaona hapana, nisiendelee kutengeneza nyuma yako. Nilimtengenezea mashine. Yaliyobaki ni yako na yeye, na simu yake unayo. Sitakuuliza kama umepiga.

Utakutana na mganga wako mlangoni naye atakuambia lazimisha. Utakuwa kijana mgeni, unataka kuonekana unaweza. Utaona orodha ya majina marefu ya Kiingereza na swali moja chini yake. Mimi sitakuwepo kukushika mkono, na hata ningekuwepo, nani angenisikiliza? Nikiwaza hivyo naogopa, na nikiogopa nakasirika zaidi. Ndivyo nilivyo. Ulinijua hivyo tangu mdogo.

Usinipigie kesho ukiwa kwenye basi kuniuliza kama nimepoa. Sijapoa, na sidhani nitapoa wiki hii. Nipigie siku utakapokuwa umeharibu kitu cha watu na hakuna aliyekuona. Piga saa hiyo, kabla hujafunga begi. Hata kama sina kazi tena, hata kama hatujazungumza mwezi mzima, nitapokea. Nitakuuliza kitu kimoja tu, imeandika nini kwenye skrini, na utanisomea neno kwa neno, tutaanza kutengeneza.

Mama yako